Makofi ya Huruma

Mzee Kodiani aliamua kukosea makusudi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, mto ameukumbatia kifuani, waya umetoka kwenye pindo la mto ukaenda hadi kwenye kompyuta ya binti yake, na wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Vizuri mno, na hapo ndipo shaka ilipomwingia. Mtu aliyepiga kodiani kwenye bendi tangu ndevu hazijamwota anajua vidole vyake vimegusa wapi, hata kama vidole vyenyewe, tangu kiharusi kilipompitia, vinamtii siku vinapotaka. Alijua kidole cha pete kimeteleza pale wimbo unapopanda. Lakini spika iliyokuwa juu ya kabati la vyombo ilitoa sauti iliyonyooka, haina doa.

Mto wenyewe haukuwa wa kulalia. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeushona, na ndani yake mlikuwa na sponji na uzi mwembamba unaopitisha umeme. Ukiubonyeza unatoa sauti, ukikunja pembe yake sauti inapanda, ukiukumbatia kwa nguvu sauti inajaa. Aliyeubuni ni binti yao, mwanafunzi wa chuo, ambaye nyumbani walimwita Profesa kwa utani kabla hata hajamaliza shahada ya pili. Baba hakuweza tena kubeba uzito wa kodiani, basi binti akamtafutia ala nyepesi ya kukumbatia. Huo ndio ulikuwa utafiti wake, na wiki ile ndiyo ilikuwa wiki ya kuuonyesha chuoni, mbele ya wafadhili na majaji wa shahada yake.

Mzee akangoja mstari ule urudi. Ulipofika pale pa kupanda, badala ya kidole akaweka kiwiko.

Wimbo ukapanda bila kosa.

Akaweka ngumi. Wimbo ukashuka, mtamu kama asali. Akauinua mkono wake wa kulia juu kabisa, ukabaki unatetemeka hewani, na spika ikaumalizia mstari wenyewe, ikatua, ikanyamaza kwa adabu. Cherehani ya mkewe nayo ikasimama.

"Nani anapiga?" akauliza.

"Baba..."

"Nimeuliza swali jepesi. Mimi nimeinua mkono. Mama yako anashona. Wewe umeshika kikombe cha chai. Nani anapiga?"

Profesa akakiweka kikombe chini. "Niliweka msaada kidogo. Programu inasikiliza unakotaka kwenda, halafu inakufikisha."

"Imejuaje ninakotaka kwenda?"

"Niliipa kanda zako za zamani. Zile za bendi. Imejifunza humo."

"Ahaa. Kwa hiyo anayepiga ni mimi wa zamani, na mimi wa leo nimeshikishwa mto." Alisema polepole, kana kwamba anahesabu maneno. "Msaada kidogo ni kidogo kiasi gani?"

Binti akakigeuza kioo cha kompyuta upande wake, na hilo lilikuwa jibu tosha.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipoutupa mto ukutani."

Siku ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa amemwambia binti yake aende akatafute mtu mwenye mikono. Kesho yake alibembelezwa ajaribu tena, na sauti ikatoka kama miujiza. Alilia siku ile, mtu mzima, bila haya. Akamwita kinyozi wa jirani, naye akaja mbio akimwacha mteja kitini, na mteja mwenyewe akafuata nyuma na shuka lake shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Wote wawili walisimama mlangoni wakisikiliza. Kinyozi alifuta machozi kwa taulo la kazi. Tangu hapo Mzee Kodiani hakupita mtaani bila kuitwa, "Mzee wetu, mkono umerudi!" Naye alikuwa akijibu kwa kifua mbele, "Umerudi!"

"Na wewe ulijua?" akamuuliza mkewe bila kugeuka.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unakula," mkewe akasema. "Kabla ya hapo ulikuwa huli."

Angepiga kelele, angalau hasira ingepata pa kutokea. Lakini hakupiga kelele. Aliuchomoa waya kwenye mto, kazi iliyomchukua muda kwa sababu ya vidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akauweka mto mezani na kuingia chumbani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alishawahi kufanywa pambo. Miezi michache baada ya kutoka hospitali, kiongozi wa bendi yake ya zamani alimchukua kwenye harusi moja, akamketisha jukwaani na kodiani mapajani, ameambiwa afungue na kufunga mfuko wake wa hewa tu huku kijana mmoja nyuma ya pazia akiitoa sauti ya kodiani kwenye kinanda cha umeme. Watu walimshangilia. Alilipwa sawasawa na wenzake, na malipo hayo yalimwaibisha kuliko kama angelipwa nusu. Alirudi nyumbani akaapa kwamba hilo halitamfika tena, na sasa limemfika sebuleni mwake, kwa mkono wa mwanawe wa kumzaa.

Asubuhi alikwenda kwa kinyozi. Duka lilikuwa na wateja wawili na redio iliyokuwa ikizungumza peke yake.

"Shikamoo, Mzee wetu! Karibu. Leo tunanyoa au tunapunguza?"

"Marahaba. Nimekuja kukwambia kitu. Ile siku uliyolia, si mimi niliyepiga."

Kinyozi akaizima mashine ya kunyolea. "Nani sasa?"

"Kompyuta. Mwanangu aliitega inisahihishe. Mimi nilikuwa nagusagusa tu."

Wateja wakatazamana kwenye kioo. Kinyozi akajikuna shingo, akatafuta neno la kumfariji mzee wa watu, na akalipata lile baya kuliko yote.

"Lakini Mzee wangu, hata kama. Si ilikuwa nzuri?"

Mmoja wa wateja akaongeza kwamba kwa umri huo na ugonjwa ule, hata kugusagusa ni kitu cha kumshukuru Mungu. Alisema kwa wema. Mzee Kodiani akasimama pale mlangoni akihisi uso unamwaka moto, akaona kwamba mtaa mzima utamsamehe bila kumwuliza kama aliomba msamaha. Huruma za namna hiyo ndizo alizozichoka. Hazimpi mtu nafasi hata ya kugomba.

Alirudi nyumbani kwa hatua zake za kuburuta, akamkuta Profesa amekaa sakafuni na vifaa vyake, macho yamevimba.

"Zima huo msaada wako," akasema.

"Nimeshauzima, Baba."

"Basi niletee mto. Nataka kujisikia."

"Baba, naomba nikwambie kwanza. Bila msaada inatoka..."

"Inatokaje?"

"Inatoka vibaya."

"Niisikie mwenyewe. Kama ni maiti yangu, nina haki ya kuiona."

Ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Sauti zilijikwaa, mbili zikatoka mahali pa moja, moja ikang'ang'ania mpaka mkewe akaziba sikio kwa bega, na mtetemo wa mkono ukaufanya wimbo wote utikisike kama taya za mtu mwenye homa. Pale pa kupanda hapakupandika kabisa. Mzee alifika mwisho kwa ukaidi tu, jasho linamtoka, na moyoni alitamani angebaki na ule uongo.

"Haya," akasema baadaye, akihema. "Huyo sasa namfahamu. Huyo ni mimi."

"Naweza kuurudisha msaada kidogo, Baba. Nusu tu."

"Sikiliza, Profesa. Chombo kisichokubali nikosee si chombo, ni redio. Redio ninayo." Akaunyosha mkono wake kwa shida, akautazama. "Kwa nini inatikisika hivi?"

"Ni mtetemo wako. Zamani programu ilikuwa inauchuja. Sasa nimeuacha upite."

Mzee akacheka kicheko kifupi, cha kwanza tangu jana.

"Unajua tulivyokuwa tunahangaika kujifunza kuutikisa mfuko wa kodiani? Mpaka mabega yanauma. Kiongozi wa bendi alikuwa anatuambia, kijana, tikisa, bibi harusi atoe chozi. Sasa natikisa bure, na nyinyi mnakaa kunichuja."

Mkewe ndiye aliyesogea kwanza. Alikuwa kimya tangu asubuhi, kimya cha mtu anayejua ana deni la maneno. Akavuta stuli, akaketi mbele ya mumewe, akaushika mkono wake wa kulia na kuuweka juu ya mto ulale unavyotaka wenyewe. Akachukua chaki ya ushonaji, akachora palipoangukia kila kidole.

"Mama, vibonyezo nilivipanga sawa na vya kodiani," Profesa akasema. "Nilitaka asihangaike kujifunza upya."

"Ndiyo kosa letu. Mimi mteja akija amenenepa, simshonei gauni la mwaka juzi." Akaweka nukta nyingine, mbali na mahali pa zamani, kwenye ubavu wa kiganja. "Kidole hiki hakifiki kule. Kitakuja na mkono mzima. Tumpe nafasi ya mkono mzima."

"Umenishonea uongo miezi yote hii, Mama Profesa," mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imelainika.

"Nimekosa. Sasa tulia, chaki isikuchafue."

Wakafumua mto wote. Huo ulikuwa ndio utafiti hasa, ingawa chuoni uliitwa kwa majina marefu zaidi: mkewe anafumua na kushona, Profesa anaunganisha nyuzi na kubadilisha programu, mzee anapiga, wote watatu wanabishana. Profesa aliiweka simu kwenye kikombe ikawa inarekodi, na kila baada ya kipande aliuliza maswali yake.

"Hapo ulipobonyeza kwa ngumi, ulikuwa unahisi nini?"

"Nilihisi njaa. Andika hivyo."

"Baba, bwana!"

"Utafiti gani huu wa kuulizana hisia kama wachumba? Uliza sauti ilikwenda nilikoituma au haikwenda. Haikwenda. Ilichelewa. Mimi nimeshafika, yenyewe inafunga viatu."

Profesa akapunguza kule kuchelewa. Akaufanya mtetemo uwe na kazi: akikumbatia mto kwa nguvu, mtetemo unazidi, akilegeza, unatulia. Mzee akaanza kuutawala, siyo kuuzuia bali kuupeleka huku na kule. Wimbo ukawa si ule wa kanda. Ulikuwa mzito, una mikwaruzo, unapita njia nyingine kufika kule kule. Ila pale pa kupanda paliendelea kumshinda. Mara moja anapata, mara mbili anakosa, na hakuna nukta ya chaki iliyosaidia.

*

Siku mbili kabla ya maonyesho walikwenda chuoni kujaribu ukumbi. Mlinzi wa getini alipomwona mzee anaburuta mguu, akamwelekeza binti zahanati ilipo. Ndani, mwanafunzi aliyekuwa akigawa beji akamvalisha ya kwake bila kuuliza. Iliandikwa MGONJWA.

"Hii ni nini?" Mzee Kodiani akauliza.

"Samahani, mzee. Kwenye orodha ya ratiba mmeandikwa hivyo. Mgonjwa wa kiharusi apiga muziki tena kwa msaada wa kompyuta."

"Kuna mpiga muziki gani mwingine kwenye orodha hiyo aliyeandikwa ugonjwa wake?"

Kijana akaangalia karatasi, kisha viatu vyake. Mzee akaivua beji, akaiweka mfukoni, akaendelea kutembea.

Msimamizi wa utafiti wa Profesa alikuwa mtu mpole, mwenye simu mbili zilizokuwa zikiita kwa zamu. Alimsalimia mzee kwa heshima zote, akamletea kiti mwenyewe. Akasikiliza kipande chote mpaka mwisho bila kushika simu. Ndipo akamvuta Profesa pembeni, ila ukumbi mtupu hauna pembeni. Kila neno lilisikika.

"Ile ya mwezi jana ilikuwa safi. Hii imekuwaje?"

"Nimetoa marekebisho. Ile haikuwa yeye."

"Nakuelewa. Lakini fikiri kama mtafiti. Wafadhili watakaa safu ya mbele. Watu wasiojua muziki. Wanataka kusikia kwamba chombo kinafanya kazi, na kwamba mgonjwa mwingine yeyote akipewa atapiga. Hiki ulichonacho sasa anakiweza mtu mmoja tu."

"Na kodiani? Ukipewa leo utapiga?"

Msimamizi akatabasamu kwa uchovu. "Usinibane kwa maneno. Sikukatazi. Lakini msaada ukizimwa jukwaani na mambo yakaharibika, mimi sitakuwa na la kukutetea. Majaji watauliza chombo kimesaidia nini, nami nitawaonyesha nini? Angalau uuweke karibu. Akikwama, uwashe. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua."

"Wewe ndiye unayetafuta shahada, siyo yeye," msimamizi akasema, na simu moja ikaita.

Maneno yalikuja asubuhi ya maonyesho, mkewe akimpigia mumewe pasi shati, mzee amekaa na fulana kitandani.

"Profesa, njoo hapa. Ukifeli itakuwaje?"

"Nitaandika upya. Labda mwaka mwingine."

"Na hao wafadhili?"

"Watampa mwingine."

Mzee akautazama mkono wake uliokuwa ukitetemeka juu ya goti. Alikuwa na hasira ya kutosha kugombana na chuo kizima, lakini mwaka wa binti yake haukuwa mali yake kuutapanya.

"Basi washa huo msaada. Nitakaa pale niwe pambo. Si mara ya kwanza, na safari hii angalau pambo ni la mwanangu."

Pasi ikasimama hewani. Profesa akawa kama amepigwa kofi.

"Sitaki," akasema.

"Usiwe mjinga. Mimi nimekuruhusu."

"Sitaki, Baba! Nimeandika kitabu kizima kinachosema mtu huyu alipiga. Kama hukupiga, nimeandika nini? Nilikudanganya wewe kwa sababu nilikuwa na woga, si kwa sababu nilikupenda. Nilikuwa nimechoka kukuona vile." Alikuwa analia sasa, na kufuta machozi kwa kiganja kwa hasira. "Ukikosea, kosea. Kosea mbele yao. Tutarudi wote nyumbani."

"Ninyi wawili," mkewe akasema, "mnataka niunguze shati?"

*

Ukumbi ulijaa. Kabla yao alipita kijana na ngoma ya umeme inayojirekebisha yenyewe. Hata ukipiga ovyo inatoa mdundo uliokamilika. Mfadhili mmoja alipanda kujaribu, akapiga kama anaua nzi, mdundo ukatoka wa kitaalamu, ukumbi ukacheka kwa furaha. Kumfuata huyo jukwaani ilikuwa kazi ngumu.

"Na sasa," mshereheshaji akasoma, "tumkaribishe mgonjwa wetu..."

"Mpigaji," Mzee Kodiani akasema kutoka ngazini.

"Samahani?"

"Sema mpigaji. Nitangoja."

Mshereheshaji akatazama karatasi yake, akatazama safu ya mbele. "Mpigaji wetu," akasema.

Akaketi. Profesa akaketi kando yake mezani, kompyuta mbele yake, kitufe cha msaada kikiwa kijani pembeni mwa kioo, tayari kubonyezwa. Mzee akaukumbatia mto na kuanza.

Mwanzo ulikwenda. Sauti ilitoka nene, inatetemeka, na yeye akaushika ule mtetemo, akaupandisha na kuutuliza, na katika safu za nyuma watu wakaacha kunong'ona. Kisha pakafika pale. Mkono ulikwenda wote, kama walivyofanya mazoezi, ukapita mahali pake, ukaangukia pabaya. Sauti moja kali ikachomoka. Akajaribu kuirudisha ikatoka nyingine mbaya kuliko ya kwanza. Vidole vikajikunja. Mto ukanyamaza.

Msimamizi, aliyekaa upande wa majaji, akamtazama Profesa na kuinua kidole kimoja taratibu, kama mtu anayemwonyesha jirani taa ya kuwasha. Mzee aliiona ishara ile. Akageuza kichwa kumtazama binti yake, na akaona mikono ya binti yake ikitoka kwenye kompyuta, ikishuka, ikiingia chini ya mapaja yake. Profesa aliikalia mikono yote miwili, akamkazia macho baba yake, midomo imefungwa.

Hapo mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Alikuwa mama mmoja wa safu ya mbele, macho yamelowa, anatikisa kichwa kwa upole. Jirani yake akaunga, kisha safu nzima, kisha ukumbi. Yalikuwa makofi laini, ya kumwambia mzee ameshafanya vya kutosha, ashuke salama, asijali. Mshereheshaji akapanda ngazi na mkono umenyooshwa, tayari kumsaidia kuinuka.

Mzee Kodiani alihisi yale makofi usoni kama alivyohisi maneno ya kinyozi. Safari hii alikuwa na jibu.

"Acheni," akasema.

Hawakusikia.

"Acheni hayo makofi!" Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, miaka ya kuita watu kucheza ilikuwa bado ndani yake. Makofi yakakatika. "Nani kawaambia nimemaliza? Sijamaliza. Wewe kijana, teremka, unanizibia mwanga."

Mshereheshaji akateremka.

Mzee akauweka mto vizuri, akaanza tena tangu mwanzo. Mfadhili mmoja alitazama saa, akamnong'oneza mwenzake, wakanyanyuka wawili wakatoka kwa kuinama. Lazima isemwe kwamba fedha zao zilikwenda kwenye ile ngoma isiyokosea, na kwamba majaji hawakumfelisha Profesa wala hawakumpitisha. Walimrudishia kazi aiandike upya, na mwaka ukaenda kama alivyosema. Lakini hayo yote yalikuwa bado. Jukwaani wimbo ulikuwa unapanda kuelekea pale pale, ukumbi mzima sasa unapajua, na watu waliokuwa wamekuja kuhurumia wakajikuta wameshika kingo za viti.

Akakosa tena. Sauti ile ile kali, mahali pale pale.

Safari hii hakuikimbia. Aliibonyeza. Aliikandamiza kwa ngumi nzima na kuukumbatia mto mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na ile sauti mbaya ikajaa, ikatikisika, ikawa kubwa kuliko wimbo uliokuwa umeileta, ikakaa hapo hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akaikunja pembe ya mto polepole kwa mkono wa kushoto, na sauti ikaanza kupanda yenyewe kutoka pale ilipoangukia, ikikwaruza, ikipita njia ambayo hakuna kanda inayoijua, mpaka ikafika juu. Akaiacha hapo juu. Kisha akashuka nayo, hatua kwa hatua, akamalizia mstari wa mwisho kwa ubavu wa kiganja, na kuuinua mkono.

Spika ilinyamaza. Hakuna kilichoendelea peke yake.

Ukumbi haukupiga makofi. Hakuna aliyethubutu. Watu walimtazama mzee, wakatazamana, mikono imeinuliwa nusu, mama wa safu ya mbele ameikunja yake mapajani kama mtoto aliyekemewa. Mzee Kodiani alikaa akihema, mkono wake unatetemeka mbele ya wote, na hakuuficha. Profesa bado alikuwa ameikalia mikono yake.

Ndipo kwenye safu ya nyuma kabisa kiti kikatoa mlio. Fundi cherehani alisimama, akakung'uta gauni lake, na kusema kwa sauti ile ile anayowaitia wateja nguo zao zikiwa tayari:

"Haya. Sasa amemaliza."